Nyonga si Soli ya Kiatu

Mama yangu mkubwa ni mwanamke wa miaka 68, mkazi wa Magomeni, na kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akiuza nyanya, vitunguu na mchicha katika genge lake lililo hatua kama 200 kutoka mlango wa nyumba yake. Mwaka juzi alianza kulalamika maumivu ya kinena cha kulia. Mwanzoni yalimjia alipokuwa akipanda daladala. Baadaye yakawa yanamjia kila ainukapo katika kigoda. Mwisho yakawa yanamwamsha usiku ajigeuzapo kitandani, na asubuhi hakuweza kuinama kuvaa viatu mpaka kwanza atembee kidogo chumbani.

Akaenda hospitali, akapigwa picha ya eksirei. Daktari, ambaye alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango wake, aliitazama picha ile kwa muda mfupi, akamwambia: "Mama, nyonga yako imechakaa. Ni uzee. Pumzika, umeze vidonge hivi."

Yalikuwa maneno kumi tu, lakini yalifanya kazi kubwa kuliko vidonge. Mama mkubwa alirudi nyumbani akafunga genge. Akawa mtu wa kukaa kitini kutwa, binti yake akimletea chakula na maji ya kunawa. Akaacha kwenda misibani, kwa kuwa hakuweza tena kukaa mkekani pamoja na akina mama wenzake, na aliona haya kuomba kiti. Siku moja nilipomtembelea nilimwuliza kwa nini hatembei walau mpaka barazani akapate hewa. Akanijibu: "Mwanangu, kiatu kikishaisha soli, ukizidi kukitembelea si ndiyo unakimaliza kabisa? Hiki kilichobaki nakitunza."

Nimelifikiri sana jibu lile, kwa sababu ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Ikiwa kitu kimechakaa kwa kutumika, basi njia ya kukihifadhi ni kutokitumia. Hoja yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika neno alilopewa. Nami najua kwamba neno hilo hilo hupewa watu wengi katika miji yetu kila siku, wanaume kwa wanawake, tena wengine wakiwa bado na miaka mingi ya kazi mbele yao. Kwa hiyo juma hili nataka tulizungumze.

Tuanze na nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe kilichochongeka katika fupanyonga. Kichwa na kikombe vyote viwili vimefunikwa na gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, ambacho kila aliyepata kula kuku akaumaliza mfupa wake anakijua. Kati yao mna ute mchache unaolainisha. Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo yafaa kila mgonjwa alijue: gegedu haina mishipa ya damu. Misuli hulishwa na damu, ngozi hulishwa na damu, lakini gegedu hupata chakula chake kutoka katika ule ute. Nayo huupataje? Ukikanyaga, uzito huibana kama mtu abanavyo sifongo, na majimaji hutoka. Ukinyanyua mguu hulegea, ikafyonza majimaji mapya. Kwa maneno mengine, kiungo hula kwa kutembea. Mtu akikaa kutwa kitini kwa nia ya kuitunza nyonga yake, anaifungisha bila kujua.

Maradhi yaliyompata mama mkubwa huitwa na wataalamu osteoathraitisi. Watu wengi huyaita baridi yabisi, lakini jina hilo limebebeshwa magonjwa mengi mno yasiyofanana, nami nashauri tuliweke kando kwa leo. Katika osteoathraitisi si gegedu peke yake inayopungua. Kiungo kizima hubadilika: mfupa ulio chini ya gegedu huwa mgumu zaidi na pembezoni huota vijipembe, mfuko unaokizunguka kiungo hukaza, na misuli ya paja na makalio hunywea. Ni kama kiungo kinachojaribu kujitengeneza, lakini matengenezo hayafuati mpango mzuri. Umri una sehemu yake katika maradhi haya, na uzito wa mwili vilevile, na asili ya ukoo, na umbo la nyonga tangu utotoni, na majeraha ya zamani. Kazi nzito nayo imo: uchunguzi uliofanywa Ulaya umeonyesha kwamba wakulima, watu wa kuinua na kubeba miaka nenda miaka rudi, hupatwa na maradhi ya nyonga kuliko wenzao wengi. Basi sitamwambia mchukuzi wa bandarini au wa Kariakoo kwamba mizigo haina neno. Lakini gunia mgongoni kwa miaka 30 ni jambo moja, na hatua 200 kwenda gengeni ni jambo jingine kabisa.

Tena picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba kama watu wanavyodhani. Wako watu ambao picha zao zinatisha, nao wanatembea bila shida kubwa. Wako wengine ambao picha zao zina mabadiliko madogo, na usiku hawalali. Picha humwonyesha daktari mfupa. Haimwonyeshi nguvu ya misuli, wala usingizi wa mgonjwa, wala hofu yake.

Na hofu ina kazi yake mwilini. Fikiri mwenyewe: mtu anaumwa, anaogopa, anakaa. Misuli isiyotumika hunywea upesi, na ya mzee hunywea upesi zaidi. Misuli hiyo ndiyo inayoushika mwili usianguke upande kila tunaposimama kwa mguu mmoja, na kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine, kutwa nzima. Huko Berlin, Ujerumani, wataalamu waliwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye vipimo ndani yake, wakaona kwamba katika mwendo wa kawaida nyonga hubeba mzigo wa kama mara mbili na nusu ya uzito wa mtu. Mama wa kilo 80, basi, nyonga yake hupokea kama kilo 200 katika kila hatua. Misuli iliyo imara huuongoza mzigo huo vizuri. Iliyo dhaifu huuacha uangukie kiungo ovyo ovyo, mtu akachechemea, akayumba, maumivu yakazidi, naye akasadiki zaidi kwamba kutembea ndiko kunakomuumiza. Kisha hukaa zaidi. Mama mkubwa alikaa hivyo miezi saba.

Aliyemwinua ni binti yake. Alisikia kutoka kwa mwenzake wa kazini kwamba hospitali nyingine ina kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akampeleka huko kwa bajaji. Nami nilifuatana nao. Tulipokewa na kijana mmoja mwembamba, ambaye kwa kweli mama mkubwa alimtilia shaka tangu mlangoni kwa udogo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kabla sijakugusa, hebu nieleze wewe mwenyewe. Unadhani ndani ya nyonga yako mna nini?"

Nilistaajabu, maana sikupata kusikia mtaalamu akimwuliza mgonjwa swali la namna hiyo. Mama mkubwa akamweleza habari ya soli ya kiatu. Yule kijana hakucheka. Alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole chake pale penye sugu zilizoachwa na miaka ya kubeba ndoo na matenga.

"Mama, soli ukiisugua inaisha. Kiganja hiki umekisugua miaka mingapi? Mbona hakikuisha?"

"Kimeota sugu."

"Kwa nini kimeota sugu, na soli haioti?"

Mama mkubwa alifikiri, akasema: "Kiganja kizima. Soli ni kitu kilichokufa."

"Basi na nyonga yako nzima, mama. Ni mgonjwa, lakini ni hai."

Somo zima lilichukua muda kama wa kunywa kikombe cha chai, nami naamini nusu ya tiba ilitolewa pale. Simlaumu sana daktari wa kwanza, kwa sababu niliiona foleni yake. Hata hivyo, kumwambia mtu "nyonga yako imekakamaa na misuli yake imedhoofika, nayo yaweza kuimarishwa" hakuhitaji muda mrefu kuliko kumwambia imechakaa, na maneno hayo ni ya kweli zaidi.

Si yule kijana peke yake afanyaye hivyo. Nchini Uswidi walianzisha zamani kidogo masomo ya pamoja kwa wagonjwa, wakayaita "shule ya nyonga". Watu wenye maradhi hayo huketi darasani, wakafundishwa kiungo kinavyofanya kazi, maumivu yanatoka wapi, na la kufanya. Huko Oslo, mji mkuu wa Norwei, wataalamu wakataka kujua kama mazoezi yakiongezwa juu ya masomo hayo yana faida zaidi. Wakawachukua wagonjwa 109. Wote wakapelekwa shule ya nyonga, lakini 55 kati yao wakapewa pia mazoezi ya kuimarisha na kulainisha nyonga kwa majuma 12. Kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka sita, katika kundi lililofanya mazoezi, kama watu 41 katika kila 100 walikuwa bado na nyonga zao za kuzaliwa bila kufanyiwa upasuaji wa kuzibadili. Katika kundi la masomo peke yake walikuwa 25 katika 100. Kwa kipimo cha katikati, wafanya mazoezi walikaa miaka 5.4 kabla ya kufika kwenye kisu, na wenzao miaka 3.5.

Napenda tuwe wakweli hapa. Idadi ya watu hao ni ndogo. Tena tofauti ya maumivu kati ya makundi mawili haikuwa kubwa. Tofauti ilionekana zaidi katika yale ambayo mtu aweza kuyafanya, kama vile kutembea, kupanda ngazi na kuvaa soksi. Na mwaka 2014 wataalamu walipokusanya majaribio kumi ya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali na kuyapima pamoja, waliona kwamba mazoezi hupunguza maumivu ya nyonga kwa kama alama 8 katika kipimo cha alama 100. Huo si muujiza. Atakayekuahidi kwamba baada ya mwezi utacheza ngoma usiku kucha anakudanganya. Lakini alama nane zisizounguza tumbo wala kuharibu figo si kitu cha kudharau, na kwa mama wa genge zaweza kuwa ndizo tofauti ya kufungua na kutofungua.

Denmark walikwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 2013 wana mpango uitwao GLA:D, wa masomo machache na vipindi 12 vya mazoezi kwa majuma sita, kwa wenye maradhi ya goti na nyonga. Mpango huo umeenea hadi Kanada na Australia. Humo mna jambo moja ambalo naona lingefaa kubandikwa ukutani katika kila nyumba yenye mgonjwa, nalo ndilo ambalo yule kijana alimfundisha mama mkubwa. Tuliite taa za barabarani.

Mgonjwa huyapima maumivu yake mwenyewe kwa namba, tangu 0, ambayo ni kutoumwa kabisa, hadi 10, ambayo ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyafikiri. Akifanya mazoezi na maumivu yakawa 0 hadi 2, hiyo ni taa ya kijani: aendelee. Yakifika 3, 4 au 5, hiyo ni taa ya manjano: anaruhusiwa kuendelea, ila awe macho. Yakipita 5, ni taa nyekundu: apunguze uzito wa zoezi, au idadi, au kina cha kuinama. Kisha kuna kipimo cha pili, ambacho watu hukisahau, nacho ni cha kesho yake. Ndani ya saa 24 maumivu yawe yamerudi pale yalipokuwa kabla ya zoezi. Yakirudi, hakuna lililoharibika. Yasiporudi, zoezi lilizidi, na mara ijayo lipunguzwe. Nimesema lipunguzwe. Watu wetu wengi wakiumwa kidogo huacha kabisa, na wengine, hasa wanaume, hukaza meno wakaendelea na taa nyekundu ikiwaka kana kwamba wako vitani. Wote wawili hukosa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vyombo. La kwanza na la maana kuliko yote ni kuinuka katika kiti. Tumia kiti kigumu kisichorudi nyuma, ukiegemeze ukutani. Keti, weka miguu sawa na mabega, inama mbele kidogo, uinuke bila kujisukuma kwa mikono ukiweza, kisha ushuke polepole. Kushuka polepole ndiyo kazi yenyewe. Mama mkubwa hakuweza hata mara moja siku ya kwanza. Yule kijana akaweka mito miwili juu ya kiti, kiti kikawa kirefu, akaweza mara sita. Akaambiwa afanye hivyo nyumbani mpaka afike kumi, kisha kumi mara mbili, na baada ya hapo aondoe mto mmoja. Mto wa kwanza uliondoka juma la tatu. Wa pili ulikaa sana, nadhani majuma mengine matano, na siku ulipoondoka alinipigia simu mimi kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Zoezi jingine ni kulala chali kitandani au mkekani, magoti yamekunjwa na nyayo chini, kisha kunyanyua makalio taratibu, kuhesabu tatu, na kushuka. Jingine ni kusimama wima umeshika ukingo wa meza, ukapeleka mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, kisha ukaupeleka nyuma. Fanya kwa miguu yote miwili, maana mguu mzima nao hujifunza kwa kumshikilia mgonjwa. Ukiwa na kidato cha mlango, panda na ushuke. Kila zoezi mara 10 hadi 15, urudie mizunguko miwili au mitatu, kwa siku mbili au tatu za juma zisizofuatana. Kutembea, lakini, ni kwa kila siku. Mama mkubwa alipewa nguzo za umeme: juma la kwanza nguzo moja kwenda na kurudi, juma la pili mbili. Kutoka mlangoni mpaka gengeni ni nguzo tano.

Hapa naomba nikae kidogo juu ya fimbo, kwa sababu jambo hili hunikera kila ninapolitazama barabarani. Karibu kila mzee mwenye nyonga mbovu hushika bakora upande ule ule wa nyonga inayouma. Ni kinyume. Nyonga ya kulia ikiuma, bakora ishikwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Mtu asimamapo kwa mguu wa kulia, mwili wake hutaka kuangukia kushoto, na bakora iliyo kushoto huuzuia usianguke, hivyo misuli ya nyonga mbovu ikapunguziwa kazi. Urefu wake uwe mpaka kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Yeyote asiyesadiki ajaribu kwa hatua kumi tu, atahisi mwenyewe.

Nyumbani kuna mambo madogo madogo. Viti vya chini na vigoda vinaikunja nyonga kupita kiasi. Tafuta kiti kirefu. Choo cha kuchuchumaa ni mateso, na fundi seremala yeyote aweza kutoboa kiti cha mbao kikawekwa juu yake. Usiku mto kati ya magoti husaidia wengi. Uzito ukiwa umezidi, kila kilo inayopungua hupunguza zaidi ya kilo mbili juu ya nyonga kwa ile hesabu ya Berlin, nalo ni jambo la kuzungumza na mpishi wa nyumba, si na mgonjwa peke yake.

Vidonge je? Vina nafasi yake, hasa vikimsaidia mtu apate nafuu ya kuweza kuanza mazoezi. Lakini ile desturi ya kwenda duka la dawa na kununua diklofenaki kama ununuavyo peremende, ukameza mwezi hata mwezi, ni ya hatari: huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu, na wazee ndio walio hatarini zaidi. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa Oktoba 2022 unataka kila mwenye osteoathraitisi apewe mazoezi yanayomfaa, na hapo hapo unakataza kupewa glukosamini, zile chupa zinazouzwa mijini kwa bei ya kufumba macho. Nimewahi kukuta chupa tatu katika nyumba moja ambayo ada ya shule ilikuwa haijalipwa.

Si kila maumivu ya nyonga, lakini, ni ya kufanyiwa mazoezi nyumbani. Mzee aliyeanguka na tangu hapo hawezi kukanyaga apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda mfupa umevunjika. Mwenye homa, au anayekonda bila sababu, au ambaye maumivu hayamwachi usiku kwa namna yoyote alalavyo, achunguzwe, kwani kifua kikuu hushambulia mifupa pia. Na kijana mwenye selimundu akianza kuchechemea asiambiwe ni uchovu wa mpira: ugonjwa huo huweza kukikosesha damu kichwa cha mfupa wa paja, kikafa kingali ndani ya kikombe chake, na kuchelewa humgharimu nyonga. Zaidi ya hayo, maumivu ya nyonga hupenda kujificha. Wako wanaoyasikia pajani au gotini tu, wakapakwa dawa goti miaka miwili.

Wapo pia ambao watafanya yote niliyoyaandika na bado wakahitaji upasuaji. Hao wasione wameshindwa. Kubadili nyonga kwa namna ya kisasa kulianzishwa na John Charnley huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, nako kumewarudisha watu wengi sana kwenye miguu yao. Hapa nchini upasuaji huo hufanywa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Gharama zake si ndogo, na nyonga ya bandia, tofauti na ile ya kuzaliwa, kweli ni kitu kilichokufa, nayo huchakaa kama soli. Ndiyo maana miaka miwili ya kuuahirisha, kama ile ya Oslo, si kitu kidogo.

Wasomaji wengi wataniuliza wampate wapi yule kijana. Hospitali za rufaa na nyingi za mikoa zina vitengo vya fiziotherapia, na wataalamu wake husomeshwa humu humu nchini, KCMC Moshi ikiwa miongoni mwa vyuo vyao. Tatizo ni kwamba mgonjwa haambiwi aende. Basi aulize mwenyewe. Akiambiwa "imechakaa", na aulize kwa adabu: "Daktari, mazoezi gani yananifaa, na nani atanifundisha?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Mama mkubwa amefungua genge tangu Machi, asubuhi tu, mpaka saa sita mchana. Anakalia stuli ndefu aliyotengenezewa na fundi wa mtaani. Bado anaumwa, siku za mvua husema ni 4, siku nyingine 2, nami nimezoea sasa kumwuliza namba badala ya kumwuliza hali. Binti yake hapendi arudie kazi, nao hugombana juu ya jambo hilo kila mwisho wa mwezi. Juma lililopita kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Alikwenda kwa miguu, bakora mkono wa kushoto, na alipofika aliwaambia vijana wamletee kiti, akaketi nacho pale pale pembeni ya mkeka. Haikupita nusu saa, akina mama wengine wawili waliokuwa wamekunja miguu mkekani wakaomba viti na wao.